Fahamu: Je, bidhaa ya haki inastahili bei ya juu?

Bidhaa ya haki ni ile ambayo mtengenezaji wake alilipwa vizuri na kufanya kazi mahali salama. Chai ya Kenya yenye nembo ya Fairtrade (biashara ya haki) huuzwa pamoja na malipo ya ziada, na wakulima wenyewe huamua yajenge darasa au yachimbe kisima.

Katika soko la Kariokor, Eastlands jijini Nairobi, makubadhi hayana nembo, lakini kazi huonekana wazi. Fundi hukata ngozi, hutoboa matundu na kushona shanga mbele ya mteja. Anayenunua kwake moja kwa moja humwachia fundi fungu ambalo lingeliwa na dalali. Ukanda ukikatika, hushonwa upya. Kiatu hafifu, kinyume chake, huishia kwenye jaa la Dandora. Bei ya juu inafaa pale nyongeza inapomfikia aliyetoa jasho.