Kabla ya Kuchomoa Kile Kidude cha Redio



Jumamosi moja ya mwezi wa pili, jua kali na vumbi tele, tulikuwa Kangemi na kikundi ambacho wanachama wake wanagawana intaneti. Faiba inaishia dukani chini. Kutoka hapo uzi mmoja mwembamba unapanda hadi juu ya paa, ambapo kuna sanduku lenye swichi ndogo, na redio inayoelekea Kawangware, ng'ambo ya bonde. Waliweka faiba badala ya waya wa shaba kwa sababu faiba haipitishi umeme wa radi hadi dukani. Hapo walifikiri vizuri.

Saa nne hivi watu wa Kawangware wakapiga simu, intaneti imepotea. Kijana wa kikundi akapanda juu. Sisi wenyewe ndio tulimshikia ngazi, kwa hivyo hatumlaumu peke yake. Alikuwa amevaa sweta ya nailoni. Akafungua sanduku, akakamata kile kidude kinachopokea faiba, akakivuta pamoja na uzi wake. Kishikio kikavunjika. Akakitia mfukoni na sarafu, akashuka.

Siku hiyo hiyo akatumwa Luthuli Avenue, mjini, akanunua kingine. Nacho kikakataa. Jioni tukaambiwa kumbe huko Kawangware stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi! Kidude chetu hakikuwa na kasoro yoyote mpaka tulipokigusa. Mweka hazina alilipa kwa pesa zilizokuwa za karo ya watoto wawili wa wanachama.

Basi tuanze na hicho kidude chenyewe. Mafundi wanakiita SFP, wengine moduli. Kina ukubwa wa kidole, na kazi yake ni kugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme. Hata minara mingi ya simu ina vidude vya namna hii, vinavyounganisha mitambo ya chini na redio zilizo juu. Kimetengenezwa kiweze kuchomolewa hata stima ikiwaka. Hapo ndipo watu wanapodanganyika, wakidhani hakina madhara.

Adui wa kwanza ni umeme wa kusuguana, ule unaosikika ukivua sweta gizani. Mtu huanza kuuhisi ukifika kama volti 3,000, lakini vipande vya ndani vya elektroniki vinaweza kuumia kwa volti mia chache tu. Kwa hivyo unaweza kukiua kidude bila kusikia chochote. Vibaya zaidi, wakati mwingine hakifi siku hiyo, kinadhoofika na kuzima baada ya wiki kadhaa, na hakuna anayekumbuka sababu. Miezi ya Januari na Februari, hewa ya Nairobi ikiwa kavu, hatari inazidi. Vaa mkanda wa mkononi wenye waya wa kwenda ardhini. Kama hamna, gusa kwanza chuma cha sanduku lililounganishwa na ardhi, na usishike kamwe meno ya dhahabu yaliyo nyuma ya kidude. Sweta ya nailoni ibaki chini.

Adui wa pili ni macho yako mwenyewe. Mwanga wa leza unaopita humo hauonekani, basi usichungulie tundu wala ncha ya uzi kuona kama "inawaka". Kuna vidude vya masafa marefu vyenye nguvu ya kuumiza jicho.

Ukishahakikisha kwa simu kwamba upande wa pili una stima, na taa za swichi umezitazama na kuziandika, toa uzi wa faiba kwanza. Funika ncha yake na tundu la kidude kwa vile vifuniko vidogo, kwa maana chembe moja ya vumbi inatosha kuziba mwanga. Kisha fungua kishikio na uvute moja kwa moja, bila kupinda. Kikikataa usitumie koleo. Rudisha kishikio, ujaribu tena. Kuingiza ni kinyume chake: kisukume polepole hadi kilie tik, ndipo urudishe uzi. Msikitoe kila mara kwa kukijaribu tu, maana kila safari inakila.

Kile tulichonunua kilikataa kwa nini? Faiba ya uzi mmoja hutumia vidude viwili visivyofanana: cha huku kinatuma mwanga wa 1310 na kupokea wa 1550, cha kule kinafanya kinyume. Kijana alileta pacha wa kile cha chini, vyote vikawa vinasema na hakuna anayesikia. Nendeni na kile cha zamani dukani, msome namba zote, na mwombe kijaribiwe kwenye swichi kabla ya kulipa. Kisafiri kwenye matatu ndani ya mfuko wake wa kijivu unaong'aa, si kwenye leso.

Jambo moja msilichanganye. Ndani ya baadhi ya redio kuna kadi ndogo ya redio iliyochomekwa kwenye ubao. Hiyo si kama SFP. Zimeni stima kabisa, mchomoe waya, ndipo mguse. Vile viunganishi vidogo sana vya waya wa antena, mara nyingi vimepimwa kufungwa na kufunguliwa kama mara 30 tu. Tena msiwashe redio ikiwa antena haijafungwa, inaweza kuunguza kikuza nguvu chake.

Kikundi cha Kangemi sasa kina daftari lililofungwa kwa kamba ndani ya sanduku. Ukurasa wa kwanza una namba ya simu ya mama mwenye duka kule Kawangware, na juu yake wameandika kwa kalamu nyekundu: "Uliza stima kwanza."