Wati 100 kwenye kibandiko, 69 kwenye betri

Nyuma ya kila paneli ya sola kuna kibandiko ambacho wanunuzi wengi hawana habari nacho. Kwenye paneli ya kawaida ya wati 100 pameandikwa takriban volti 18 na ampea 5.5. Lakini paneli hiyo ikifika Kaniama, kituo cha reli kati ya Kamina na Mwene-Ditu, ikafungwa juu ya kibanda cha kuchajia simu, wati hizo 100 hazionekani.

Kisa ni kidhibiti chaji, kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri. Kile cha bei nafuu, chenye herufi PWM, ni swichi tu inayofunga na kufungua kwa kasi. Paneli hulazimika kufuata volti ya betri: volti 12.5 mara ampea zilezile 5.5, zinaingia wati 69 hivi. Zilizobaki hazikuibwa na mtu; hazikuzalishwa kabisa.

Kidhibiti cha aina ya pili, chenye herufi MPPT, huiacha paneli ikae kwenye volti 18 zake, kisha hushusha volti na kupandisha ampea, kama gia ya baiskeli kwenye mlima. Betri hupata ampea zaidi ya 7. Kazi ni kuijua hiyo volti bora, maana huhama kila wingu likipita.

Kuna vidhibiti vinavyoikata paneli kidogo, vikapima volti yake isiyo na mzigo na kuchukua robo tatu hivi. Ni haraka, ila ni kukisia. Vingi zaidi hupapasa: hupandisha volti kidogo na kupima wati, zikiongezeka husonga mbele, zikipungua hurudi. Mawingu ya mvua yakikimbia, mpapasaji hudanganyika. Wati zimepanda kwa sababu jua limechomoza, yeye anadhani amepatia. Mwaka 1995 K. H. Hussein na wenzake, nchini Japani, walichapisha njia ya kulinganisha badiliko la ampea na la volti, ambayo haipotei upesi hivyo. Kwenye vifaa vilivyotengenezwa vizuri, hata hivyo, njia hii na ile ya kupapasa hukaribiana sana.

Joto lina uzito zaidi. Paneli iliyolala juu ya mabati hufika nyuzi 60 kwa urahisi, na volti zake 18 hushuka chini ya 16. Betri inayokaribia kujaa iko kwenye 14. Hapo faida ya MPPT inayeyuka, na mwenye paneli moja ndogo hana sababu ya kujuta kununua PWM. Ila akileta paneli kubwa ya volti 30, PWM itamnyima zaidi ya nusu ya umeme wake.

Mwelekeo nao haudai hata faranga. Kaniama iko nyuzi saba na nusu hivi kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa nyuzi 31 kutoka utosini, upande wa kaskazini. Paneli iliyotazama kusini hupoteza umeme wakati huohuo ambapo vumbi na moshi wa nyika vinaifunika. Mwinamo wa nyuzi 10 kuelekea kaskazini unatosha, na mvua ikirudi huisafisha.

Sokoni pia zipo PWM zilizobandikwa herufi MPPT. MPPT halisi ni nzito, kwa kuwa ndani ina koili ya shaba. Fundi mwenye mita hungoja asubuhi, paneli ikiwa bado baridi na betri iko chini, akapima waya za pande zote mbili. Zikitoka ampea 5 na kuingia 5, ameuziwa stika.