Buibui wa Baharini: Mnyama Mwenye Tumbo Miguuni

Hakuna mtu wa Mwanda asiyemjua buibui. Humwona ghalani, migombani na katika pembe za nyumba, akitega utando wake na kungojea nzi. Lakini katika milima ya Taita ni wachache waliopata kusikia kwamba bahari nayo ina buibui wake. Wanyama hao huishi katika bahari zote kuu za dunia, na Bahari ya Hindi, iliyo kilomita 150 hivi kutoka Voi, ni mojawapo.

Wataalamu wamekwisha kutambua aina zaidi ya 1,300. Ingawa huitwa buibui, mnyama huyu si buibui halisi, bali ni ndugu wa mbali wa buibui, nge na kupe. Hafumi utando. Aina nyingi zina miguu minane, lakini chache zina kumi au hata kumi na miwili.

Ajabu yake kubwa ni umbo la mwili. Kiwiliwili ni chembamba mno, hata hakina nafasi ya kutosha viungo vyote vya ndani. Kwa sababu hiyo tumbo limegawanyika na kuingia katika kila mguu, na mayai ya jike hukua mapajani. Kichwani kwa kawaida mna kinundu chenye macho manne, na mbele yake mrija wa kufyonzea chakula. Aina nyingi huwafyonza wanyama laini walioshikamana na miamba, kama vile sifongo.

Hana mapafu, wala hana matamvua kama samaki. Oksijeni hupenya katika ngozi yake. Mwaka 2017 wataalamu walieleza kwamba tumbo linapojikunja ndani ya miguu, husukuma pia oksijeni mwilini, maana moyo wake ni dhaifu.

Hupatikana chini ya mawe ya ufukweni na pia katika vilindi vya kiasi cha mita 7,000. Katika bahari za joto wengi ni wadogo sana, hata mtu hupita asiwaone. Lakini katika maji ya barafu ya Antaktika wako majitu ambao upana wao, tangu ncha ya mguu hadi ncha ya mguu, hufika sentimita 70. Maji baridi huchukua oksijeni nyingi kuliko maji ya joto, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotolewa kueleza ukubwa wao.

Katika jamii nyingi baba ndiye mlezi: huyabeba mayai kwa vijiguu vidogo vya pekee mpaka yaanguliwe. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba jitu mmoja wa Antaktika hafanyi hivyo. Mzazi hutumia siku mbili akiyabandika mayai mwambani.

Mnyama huyu hana madhara kwa mtu, lakini mtu aweza kumdhuru bila kujua. Jiwe la ufukweni likipinduliwa na kuachwa juani, viumbe waliojificha chini yake hukauka na kufa. Basi mwalimu awapelekaye wanafunzi pwani, na mzazi ashukaye Mombasa na watoto wake, na awafundishe kutazama kwa upole, kisha kulirudisha kila jiwe kama lilivyokuwa.