Mtini Mkubwa Katika Chungu Kidogo

Mtu aonapo kwa mara ya kwanza mti wenye shina nene, mizizi iliyotambaa na matawi yaliyotanda, nao hauzidi urefu wa mkono, hudhani kuwa ni wa aina iliyo fupi kwa asili. Sivyo. Bonsai, neno la Kijapani lenye maana ya mmea uliopandwa katika chombo kisicho na kina, ni mti wa kawaida kabisa. Sanaa hii ilianzia China, ikakuzwa sana Japani. Kipandikizi cha mti huo kikipandwa shambani kitarefuka kama wenzake wote, kwa kuwa udogo wake haumo katika jeni bali katika mikono ya mtunzaji.

Wengi hudhani pia kwamba kazi huanza na mche mdogo. Aghalabu mambo ni kinyume: mti hukuzwa kwanza, kisha hupunguzwa. Unene wa shina hutokana na tabaka la kambiamu, ambalo hujenga mbao kwa chakula kitokacho kwenye majani. Mche uliofungiwa chunguni una majani machache, hivyo hunenepa polepole mno. Kwa hiyo mtini wa kitaluni wenye urefu wa mita 2 humwokolea mtunzaji miaka mingi.

Kwa nini mtini?

Jenasi ya Ficus ina zaidi ya spishi 800, na mkuyu wetu ni mojawapo. Inayopendwa na watunzaji wengi ni Ficus microcarpa wa Asia. Mti huu huchipua hata kwenye gome kuukuu, hutoa mizizi ya hewani penye unyevu, na matawi yake yakibanwa pamoja huungana yakawa kitu kimoja.

Kukata shina

Ncha ya mti hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo huteremka shinani na kuyazuia matumba ya chini yasiamke. Ncha ikikatwa, kizuizi huondoka na matumba yaliyolala huchipua. Utomvu mweupe utavuja kwenye kidonda, kisha utaganda na kukiziba. Chipukizi moja lililo karibu na mkato huachwa lirefuke bila kupogolewa, hata likiharibu umbo kwa muda, maana majani yake ndiyo yatakayolinenepesha. Likishanenepa nalo hukatwa, na kazi huanza upya. Hivyo ndivyo shina linavyopata umbo la kuchongoka kuelekea juu, ambalo humfanya mtazamaji aamini kuwa mti ni mzee.

Hapana budi kuwa na hadhari na Ficus benjamina, mtini mwingine upatikanao sana vitaluni. Tawi lake likiachwa bila jani hata moja, aghalabu hukauka.

Mizizi

Mizizi minene hushikilia mti ardhini. Inayofyonza maji ni ile myembamba yenye vinyweleo. Hivyo minene huweza kufupishwa kidogo kidogo ili myembamba iote karibu na shina. Lakini shina na mizizi visikatwe kwa mkupuo mmoja.

Nilijifunza jambo hili kwa hasara. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, nilinunua mtini mzuri, nikaukata majani yote na nusu ya mizizi siku moja, tena katikati ya majira ya baridi. Baada ya majuma machache ulikufa. Ulibaki na akiba ya chakula tu, bila majani ya kuiongeza, na baridi ilizuia mizizi mipya isiote. Mtini ni mti wa nchi za joto; ukatwe wakati wa joto, ukiwa na nguvu zake.

Siri ya chungu kifupi

Wengi huamini kwamba chungu kifupi hukauka upesi, kwa hiyo hakiwezi kuozesha mizizi. Jaribio rahisi litawasahihisha. Chukua sifongo ya mstatili, iloweshe mpaka ijae maji, kisha ilaze juu ya waya wa kuchekechea. Ikiacha kudondosha maji, isimamishe kwa ubavu wake. Itaanza kudondosha tena. Katika vitundu vidogo maji hushikiliwa hadi kimo fulani kutoka chini, bila kujali urefu wa chombo. Katika chungu kirefu kimo hicho ni sehemu ndogo. Katika chungu kifupi huenda kikawa udongo wote, na mizizi ikakosa oksijeni. Ndiyo maana watunzaji hutumia chembe kubwa, kama vile matofali yaliyopondwa na kuchekechwa ili kuondoa vumbi, na kisha humwagilia mara kwa mara.

Kazi ya darasani

Mwalimu aweza kupanda vipandikizi viwili vya mtini mmoja, kimoja ardhini na kingine katika kopo. Wanafunzi wapime mzingo wa kila shina kwa uzi kila muhula, na kuandika vipimo daftarini. Jeni ni zile zile. Tofauti itakayoonekana itakuwa imeletwa na mazingira, na watakuwa wameithibitisha wao wenyewe.