Ng'ombe aliyerudi na hofu: mungoje kabla ya kumuuza



Tangu familia zianze kurudi vijijini upande wa Sake, Mushaki na Kibumba, kuna swali moja tunalipata karibu katika kila mkutano. Maneno yanabadilika, swali ni lile lile: "Ngombe yangu ilikuwa mupole, sasa inapiga mateke, maziwa inakatala. Tufanye nini?" Mara nyingi yule anayeuliza amekwisha kusikilizana bei na mchinjaji, anatafuta tu mtu wa kumwambia kwamba amefanya vizuri.

Sisi tunasema mungoje kwanza. Wengi wa ng'ombe hao hawakuharibika. Wanaogopa. Na hofu, tofauti na uzee au kiwele kilichokufa, inaweza kupunguzwa na mtu asiye na mali nyingine isipokuwa muda, chumvi kidogo na mkono mtulivu.

Tuanze na mmoja ambaye tulimfuata sisi wenyewe. Mama mmoja mwanachama, karibu na Sake, alikimbia mapigano mwanzoni mwa mwaka 2024 na ng'ombe wake wawili. Toka Sake mpaka Goma ni kilometa kama 25, na siku ile barabara ilijaa watu, malori, pikipiki, chukudu zenye magodoro, na nyuma milio ya mabomu. Ng'ombe mmoja alipotea njiani. Wa pili, Bihogo, alifika, akafungwa miezi mingi kwa kamba fupi juu ya mawe ya volkano pembeni ya kambi. Kila alipokaribia mashitingi ya watu alipigwa fimbo. Hatuwalaumu wale watu, nafasi haikuwepo.

Kabla ya vita Bihogo alikuwa anatoa litre 6 kwa siku, na watoto walikuwa wanapita chini ya tumbo lake. Kisha kurudi kijijini alizaa tena vizuri, lakini akatoa chini ya litre 2, na hizo kwa vita: miguu imefungwa, wanaume wawili wanashika pembe, bidoni inapigwa teke. Mama alituambia: "Agronome, hii ngombe haina tena akili. Batoto banaiogopa. Tuiuzishe tu."

Sasa, ni nini kinapita ndani ya mnyama kama huyo? Ng'ombe, sawa na farasi, ni mnyama ambaye tangu zamani anawindwa. Macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo, ila nyuma kabisa ya mkia haoni kitu. Ndiyo maana ukitokea nyuma bila sauti anapiga teke kwanza, anauliza baadaye. Akishtuka, anaweka akilini mambo yote ya saa ile: mlio, rangi ya nguo, harufu, namna ya kutembea kwa mtu. Siku nyingine kimoja tu kati ya hivyo kikirudi, hofu yote inarudi. Mlango wa bati ukigongwa na upepo, kwake ni bunduki.

Maziwa nayo yana siri yake. Mengi yako juu ya kiwele ndani ya vifuko vidogo sana, na hayashuki kwa kuvutwa na vidole peke yake. Ndama anaponyonya, au wewe unapopangusa chuchu kwa kitambaa, ubongo unatuma kwenye damu kitu kinachoitwa oksitosini. Baada ya dakika moja hivi kinafika kwenye kiwele na kusukuma maziwa toka ndani. Nguvu yake inadumu dakika chache tu. Ng'ombe mwenye hofu hatoi oksitosini ya kutosha, na adrenalini, ile inayotufanya sisi kutetemeka, inazuia kazi hiyo. Kwa hiyo maziwa yapo, lakini hayashuki. Yakibaki ndani kila siku, mwili unaelewa kwamba hayatakiwi na unapunguza kuyatengeneza, na kama kuna ugonjwa wa kiwele unapata nafasi.

Si mambo ya kubuni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, Jeffrey Rushen na wenzake waliwazoesha ng'ombe watu wawili, mmoja akiwatendea vema, mwingine vibaya. Wakati wa kukamua, yule mbaya aliposimama tu karibu, maziwa yaliyobaki kiweleni yaliongezeka kwa asilimia 70. Hakuwapiga. Alisimama tu. Mtu akisema "mie nimeacha kumupiga tangu mwezi uliopita," tunamjibu kwamba ng'ombe hajui kwamba umeacha.

Kabla ya mazoezi yoyote, mutafute maumivu. Angalieni kwato, maana safari ya mawe inazikata. Angalieni chuchu zenye vidonda, masikio yaliyojaa kupe, kidonda cha waya kilichofichwa na manyoya. Kamueni matone ya kwanza juu ya kitambaa cheusi: mkiona vipande vipande, ni ugonjwa wa kiwele, mumwite veterineri, maana hakuna upole utakaouponya. Na jambo moja la hatari: ng'ombe aliyekuwa sawa juzi, na leo analia ovyo, anatoa mate mengi, anashindwa kumeza au anashambulia vitu, inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Musitie mkono kinywani, musinywe maziwa yake, muwaondoe watoto, muite veterineri siku ile ile.

Bihogo alikuwa na kwato moja iliyopasuka na kupe wengi. Tulingoja wiki mbili apone. Halafu tukaanza.

Kanuni ya kwanza ilikuwa mtu mmoja, saa moja, nguo moja. Mama alichagua kitenge chake cha kijani na koti la zamani, na asubuhi na jioni alikwenda kukaa juu ya bidoni iliyopinduliwa, hatua kumi toka kwa ng'ombe. Hakufanya kitu kingine. Mume wake alicheka: "Analipwa ya kukaa?" Lakini kila mnyama mwoga ana duara lake, ukiliingia anakimbia, na kama amefungwa anapiga. Kazi ni kukaa ukingoni mwa lile duara mpaka lipungue lenyewe.

Namna ya kusogea ndiyo watu wengi wanakosea. Usiende moja kwa moja mbele yake ukimtazama machoni, ndivyo simba anavyokuja. Pita kwa upande, kuelekea bega, polepole, ukiongea. Kichwa chake kikipanda na masikio yakisimama kukuelekea, simama. Usirudi mbio, usisogee. Anaposhusha kichwa, au kuanza tena kucheua, wewe ndiwe unarudi nyuma hatua mbili. Kumpa nafasi ndiyo zawadi yake ya kwanza, kuliko hata chumvi. Watu wa farasi wanaijua njia hii tangu zamani sana. Xenophon, Mgiriki aliyeandika kitabu juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikwisha kukataza kumpiga farasi anayeogopa kitu, kwa sababu fimbo inamwonyesha kwamba kile kitu ni kibaya kweli. Hapa kwetu farasi hatuna, lakini somo linafaa kwenye zizi pia. (Shuleni tulisoma kilo za majani na protini mpaka usiku. Juu ya hofu ya mnyama, hata saa moja hatukufundishwa.)

Siku ya 4 Bihogo alilamba chumvi kwenye sahani iliyowekwa chini. Siku ya 7 alikula matembele mkononi. Siku ya 10 mama alimgusa bega, akaacha mkono pale muda wa kuhesabu mpaka tano, akautoa kabla ng'ombe hajakasirika. Tokea bega alimkuna shingo na chini ya taya, pale ng'ombe wenyewe wanapolambana. Halafu mgongo, mbavu, na kurudi tena shingoni. Kwa miguu ya nyuma hatukutumia mkono: tulifunga kitambaa kwenye fimbo ndefu, tukamgusa nacho polepole. Akipiga teke, anapiga kitambaa. Kitambaa kinabaki pale pale bila kumwumiza mpaka atulie, ndipo kinaondoka. Ukikiondoa wakati anapiga, umemfundisha kwamba teke linafanya kazi.

Bidoni nayo ilipata zamu yake. Kwanza iliwekwa tu karibu na chumvi. Kisha mama akaigonga kwa kidole, halafu kwa kijiko, kila mara akimpa majani. Mlio uliomaanisha kipigo ulianza kumaanisha chakula.

Siku ya 16 tukaharibu, na kosa ni letu. Tulitaka picha ya ripoti. Tulifika watu wanne, na jile za kung'aa, na mabuti, tukaingia zizini kwa pamoja. Bihogo alikata kamba, akaangusha uzio, akajificha nyuma ya migomba mpaka jioni. Mnyama aliyeshtuka hivyo anaweza kuhitaji hadi nusu saa ili moyo tu urudi sawa. Kwa upande wa imani ilichukua siku nane kufika tena pale tulipokuwa. Mama hakutugombeza. Alituonyesha tu ile kamba. Kama munarudi nyuma hivyo, musijaribu kufidia siku zilizopotea kwa haraka. Murudi kwenye hatua ya mwisho aliyoikubali, hata kama ni kukaa juu ya bidoni hatua kumi.

Wiki ya tano alikamuliwa bila kamba miguuni: ndama ananyonya kwanza kidogo, chuchu zinapanguswa, mama anangoja dakika moja, anakamua bila kusimama mpaka mwisho. Mwishoni mwa wiki ya saba tulipima litre 4 na nusu. Litre 6 hazikurudi, hatutaki kuwadanganya. Lakini litre 2 na nusu za ziada kwa siku, kwa miezi sita tu, ni zaidi ya litre 400, na kila familia inajua litre 400 zinalipa nini mwezi wa tisa, shule zinapofungua. Bei ya mchinjaji inakuja mara moja.

Wengine wametuuliza juu ya sindano ya oksitosini. Inashusha maziwa, ni kweli. Lakini ukiizoesha, ng'ombe anashindwa kushusha bila sindano, na hofu yake iko pale pale. Tumieni tu kama veterineri ameandika.

Na jina? Muendelee kuwaita kwa majina. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwauliza wafugaji 516. Pale ambapo ng'ombe walikuwa wanaitwa kila mmoja kwa jina, walitoa litre 258 zaidi kwa mwaka. Sisi hatuamini kwamba jina lenyewe linatengeneza maziwa. Ila mtu anayempa ng'ombe jina kwa kawaida ndiye anayemwangalia usoni kila asubuhi, na anaona mapema kama kuna kitu.

Kuna ng'ombe ambaye hatarudi. Kama baada ya miezi miwili ya kazi hii, bila maumivu, bado anawatafuta watu ili kuwapiga pembe, basi muuzeni, uhai wa mtoto ni wa kwanza. Na siku zote za mazoezi, musisimame kati ya ng'ombe na ukuta, na musimtume mtoto kumfunga.

Bihogo yuko bado kwa yule mama. Watoto wameanza tena kumkatia matete. Kitu kimoja hakijapona: mabuti. Mwanaume yeyote mwenye mabuti akikaribia zizi, kichwa kinapanda. Kwa hiyo mume wake, ambaye alicheka, sasa anayaacha mlangoni na kuingia na kandambili, hata mvua ikinyesha.