TAA ZA KIWANJA: TUHESABU NA GHARAMA ZA KESHO



Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi ambavyo havikuwahi kuwa na umeme. Pamoja na nguzo hizo limekuja ombi jipya katika maandiko ya miradi ya vijana: taa za kiwanja cha michezo. Baadhi ya wafadhili huuliza kama hili ni hitaji au ni anasa. Baadhi ya kamati nazo hudhani kwamba taa zikishafungwa mradi umekwisha. Katika toleo hili tunaeleza jinsi gharama za taa zinavyokwenda, ili pande zote mbili ziamue vizuri. Tutatumia Shishiyu kama mfano.

KWA NINI TAA?

Shishiyu ni kata ya Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, mkoa uliotengwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi. Ni nchi ya pamba, mahindi na ng'ombe. Kijana anashinda shambani au machungani, na msichana akirudi bado anakabiliwa na maji na jiko. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache jioni, na giza huingia haraka. Saa ambayo vijana wako huru ndiyo saa ambayo kiwanja hakionekani. Mahali penye giza hapafai kwa mafundisho, kwaya wala michezo, na mzazi mwenye busara hamruhusu binti yake kwenda huko.

KLABU ZA TENISI ZINAFANYAJE?

Marafiki zetu wa Ulaya wanalijua jambo hili kwa upande wao. Uingereza, wakati wa baridi, jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na klabu ndogo ya tenisi isiyo na taa hukosa wachezaji miezi mingi. Chama cha Tenisi cha nchi hiyo (LTA) kimekuwa kikizipa klabu mikopo isiyo na riba kwa ajili ya taa na viwanja. Tangu mwanzo klabu hutakiwa kuonyesha jinsi itakavyorudisha fedha, na hushauriwa kutenga akiba ya kubadilisha vifaa vinapochakaa. Katika klabu nyingi anayecheza usiku hulipia taa kwa saa.

Hapa Tanzania tenisi imebaki zaidi katika klabu za mijini, kama zile za Gymkhana za Dar es Salaam na Arusha. Shishiyu mchezo wa jioni ni mpira wa miguu na netiboli. Hata hivyo hesabu ya taa ni ile ile.

UKUBWA WA KIWANJA NDIO UNAOAMUA

Mwanga unaofika chini hupimwa kwa luksi. Mbalamwezi haifiki hata luksi moja. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 12193 hutaka luksi 200 kwa tenisi ya kawaida, na 500 kwa mashindano makubwa. Kwa mazoezi ya mpira wa miguu luksi 75 zinatosha, kwa sababu mpira wenyewe ni mkubwa na hauendi kasi kama ule wa tenisi.

Tuchukue taa nne za LED za wati 200 kila moja. Kiwanja cha netiboli kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, yaani mita za mraba zipatazo 465. Taa hizo, zikiwa bora na zikielekezwa vizuri, zinaweza kukipa luksi zipatazo 100, na mchezo ukachezeka. Kiwanja cha mpira wa miguu cha mita 100 kwa 64 kina mita za mraba 6,400. Taa zile zile zitatoa hapo luksi zisizofika 10, na golikipa hatauona mpira. Kwa hiyo kamati yenye fedha kidogo ianze na kiwanja cha netiboli. Hapo wasichana nao wanapata nafasi, na jioni nyingine kwaya inaweza kufanya mazoezi.

BILI YA UMEME SIYO MZIGO MKUBWA

Taa nne za wati 200 hutumia uniti 0.8 kwa saa. Zikiwashwa saa mbili kwa usiku, jioni 13 kwa mwezi, zitatumia uniti 20.8. Kwa bei ya kawaida ya LUKU ya takriban shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, hiyo ni kama shilingi 7,400 kwa mwezi. Taa kubwa za zamani zenye zebaki, za wati 400, hula karibu wati 450 kila moja pamoja na balasti yake. Nne za namna hiyo zingetumia zaidi ya shilingi 16,000 kwa muda ule ule. Tena umeme ukikatika, taa hizo husubiri dakika kadhaa zipoe kabla ya kuwaka upya, wakati LED huwaka papo hapo. Ndiyo maana klabu nyingi za tenisi zimebadilisha taa zao.

MZIGO NI KUBADILISHA

Hapa ndipo miradi mingi hukwama. Tuseme taa nne pamoja na nyaya na ufungaji, bila nguzo, zimegharimu shilingi 1,200,000, na kamati inategemea zidumu miaka mitano. Gawanya kwa miezi 60: ni shilingi 20,000 kila mwezi, karibu mara tatu ya bili ya umeme. Fedha hiyo haidaiwi na mtu yeyote mwisho wa mwezi, kwa hiyo ni rahisi kuisahau. Siku taa ya kwanza inapozimika, kamati huandika barua nyingine kwa mfadhili.

Ukijumlisha umeme na akiba unapata shilingi 27,400 kwa mwezi, au kama shilingi 2,100 kwa kila jioni. Timu mbili za netiboli pamoja na wachezaji wa akiba ni watu wapatao 20. Kila mmoja akitoa shilingi 150, jioni hiyo imejilipia na ziada kidogo imebaki. Miezi ya kilimo ambayo fedha ni adimu, mnada wa mazao baada ya ibada unaweza kujaza pengo, na deni likalipwa pamba ikiuzwa.

TAHADHARI ZA UFUNDI

Kanda ya Ziwa ina radi nyingi, na umeme unaopanda ghafla huua taa za LED kabla ya wakati. Waya wa ethi na kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla viwemo katika bajeti ya kwanza. Visiachwe vije "baadaye".

Kwa mahali ambapo umeme wa gridi haujafika, sola inafaa, lakini msiamini maandishi ya kwenye boksi. Taa inayotumia kweli wati 100 kwa saa mbili inahitaji paneli ya wati 60 hivi au zaidi. Taa iliyoandikwa "300W" yenye paneli ndogo kama daftari haiwezi kutoa mwanga huo. Ulizeni pia juu ya betri: ya asidi kwa kawaida huchoka mapema kuliko ya lithiamu.

ANDIKO ZURI LIONYESHE NINI?

1. Vipimo vya kiwanja, na hati au barua inayoonyesha ardhi ni ya nani.
2. Mita ya LUKU itasajiliwa kwa jina la nani, na nani atanunua umeme.
3. Kiasi cha akiba kwa mwezi, akaunti itakapowekwa, na watia sahihi wake, angalau mmoja awe mwanamke.
4. Ratiba: siku za wasichana, siku za wavulana, saa ya kuzima, na mtu mzima atakayehakikisha wasichana wanarudi nyumbani pamoja.
5. Mchango wa wenyeji: mashimo, mchanga, kokoto na nguvu kazi.

Kwa wafadhili wetu tunashauri hivi: msilipe fedha zote kwa mkupuo. Acheni sehemu ya mwisho itolewe baada ya kamati kuonyesha miezi sita ya akiba iliyowekwa. Kwa kufanya hivyo mnawasaidia wenyeji kujenga desturi ambayo itabaki hata uhusiano wetu ukibadilika.

Bwana wetu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza huketi na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Nguzo ya taa ni mnara mdogo. Ikisimama bila kuwaka, vijana huiona kila jioni, na siku tutakapowaita kwa mradi mwingine hawatakuja. Kamati zinazoandaa maombi ya mwaka ujao zikae na vijana wao, zifanye hesabu hii kwa karatasi na kalamu, kisha ziilete ofisini kwetu pamoja na andiko. Tutaipitia pamoja nanyi.