"Agitator": Mswagaji au Mchochezi?

Katika miaka ya 1950 neno la Kiingereza "agitator" lilitajwa sana nchini Kenya, na kwa Kiswahili likafasiriwa "mchochezi". Mtu akiisha kuitwa hivyo, wachache waliuliza tena alikuwa akitaka nini. Kwa hiyo yafaa kuujua ukoo wa neno hili.

Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwao "agitator" alikuwa mwenye kuswaga wanyama: mtu aendaye nyuma ya punda na fimbo yake, au aendeshaye farasi wa gari la mashindano. Mtu wa Kanamkemer, katika mji wa Lodwar, awaswagaye punda wake kwenda kuteka maji, angeitwa hivyo na Mrumi bila kutukanwa hata kidogo.

Huko Uingereza pia neno liliingia katika siasa kwa heshima. Mwaka 1647, baada ya vita baina ya Mfalme Charles I na Bunge, Bunge lilitaka kuvunja jeshi lake, hali askari wakidai mishahara ya miezi mingi. Askari wa kila kikosi wakachagua wenzao wapeleke madai yao, na hao ndio walioitwa kwa jina hilo. Walikuwa wajumbe. Mwezi wa Oktoba mwaka ule waliketi pamoja na wakuu wao katika kanisa la Putney, karibu na London, wakajadiliana ni nani astahiliye kupiga kura. Maana mbaya ilikuja kushika baadaye, wala si ajabu: machoni pa mdaiwa, mdai ni mleta ghasia.

Kiswahili kilitwaa mfano wa jikoni. Kuchochea ni kusukuma kuni motoni. Moto usiochochewa hauivishi chungu, na uliochochewa mno huweza kuunguza nyumba. Tafsiri basi si mbaya, ila ndani yake punda wamepotea, na wajumbe pia. (Waingereza nao wana "agitator" mwingine wa nyumbani, asiye na hatia: ni chombo kilichomo katika mashine ya kufulia, kizungushacho nguo majini.)

Lodwar yenyewe ilipata kumweka mtu aliyeitwa mchochezi. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953 kwa shtaka la kuongoza Mau Mau, akafungwa Lokitaung. Mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar, akakaa huko hadi 1961 bila ruhusa ya kutoka. Mwezi wa Mei 1960 Gavana Sir Patrick Renison alimwita kiongozi wa kuelekea gizani na mautini. Tarehe 1 Juni 1963 mtu yule yule alikuwa Waziri Mkuu. Hata hivyo sheria ya uchochezi dhidi ya Serikali haikuondoka pamoja na Gavana. Ilidumu katika vitabu vya sheria vya Kenya hadi ilipofutwa mwaka 1997.